Mche umekwama wapi? Utatuzi wa matatizo ya mizizi na mashina machanga kitaluni, Mwanza na kandokando ya Ziwa

Miche ikigoma kitaluni, wengi wetu hukimbilia chupa ya dawa au kijiko cha urea. Naomba ushike kijiti kwanza. Chimbua mche mmoja pamoja na mzizi wake wote, uoshe kwa maji, uulaze kwenye kiganja na uutazame. Matatizo ya wiki mbili za mwanzo huonekana karibu yote katika sehemu tatu: ncha ya mzizi, kipande cha shina kilicho chini ya yale majani mawili ya mbegu, na kitovu kilicho katikati ya majani hayo. Ukijua ni sehemu ipi imeharibika, sababu utaipata bila kubahatisha.

Sehemu hizo tatu hazitengenezwi kitaluni. Zilikwisha kupangwa ndani ya tunda, mbegu ikiwa bado juu ya mmea mama. Baada ya uchavushaji, kiinitete, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya mbegu, huanza kama seli moja. Katika gugu dogo liitwalo Arabidopsis, ambalo wanasayansi wamelichunguza kuliko mmea mwingine wowote, seli hiyo hugawanyika mara ya kwanza bila usawa: ndogo juu, kubwa chini. Ile ya juu huzaa karibu kiinitete chote. Ya chini huzaa kikonyo cha kukishikilia, na seli ya juu kabisa ya kikonyo hicho huingizwa kwenye kiinitete na kuwa chimbuko la ncha ya mzizi. Mwaka 1991 kikundi cha watafiti wa Ujerumani, akiwemo Gerd Jürgens, kilitangaza miche ya Arabidopsis yenye hitilafu za kurithi: mingine haina sehemu ya juu, mingine haina mzizi kabisa. Mmoja kati ya hiyo hukosa mzizi na shina la chini kwa pamoja, na mwaka 1998 ilibainika kwamba jeni lake lililoharibika ni la kuitikia oksini, homoni ya ukuaji wa mimea. Kumbe mmea hupangiwa wapi patakuwa mzizi na wapi shina kabla mbegu haijakomaa.

Mkulima afanye nini na habari hiyo? Aelewe kwamba siku za mwanzo mche haujengi vitu vipya kwa wingi, unanyoosha vilivyokuwepo. Kwa mimea mingi, mzizi hupasua ganda la mbegu kwa seli kurefuka, kabla ya seli kuanza kugawanyika kwa kasi. Shina la chini la Arabidopsis lina seli kama 20 tu kwa mstari kutoka chini hadi juu, na ukiuotesha gizani au juani idadi inabaki ileile, kinachobadilika ni urefu wa kila seli. Chakula chake kimo ndani ya mbegu. Ndiyo maana mbolea haimsaidii mche wa siku nne. Maji, hewa, joto, mwanga na afya ya mbegu yenyewe ndivyo vinavyoamua.

Hakuna kilichoota

Fukua mbegu kadhaa kabla ya kusia upya. Ukikuta mbegu ni ngumu na kavu, maji hayajaingia: ama umesia juujuu kwenye mchanga mweupe wa luseni unaokauka kabla ya saa sita mchana, ama matandazo hayakutosha. Nyasi kavu juu ya tuta na maji kidogo asubuhi na jioni hutosha.

Ukikuta imevimba, laini na inanuka, imekosa hewa. Mbegu ikishanyonya maji inapumua kwa nguvu, na kwenye udongo mweusi wa mbuga uliojaa maji haina pa kupata oksijeni. Usiongeze maji hapo. Inua tuta, changanya mchanga na samadi iliyooza.

Ukikuta imevimba, nzima, lakini imetulia tu, jiulize ilitoka wapi. Mbegu za papai na nyanya zilizokamuliwa nyumbani zina utando au ute unaozuia kuota, kwa makusudi ya mmea wenyewe: zisiote ndani ya tunda. Mbegu ya papai isuguliwe mpaka ule utando utoke. Mbegu ya nyanya iachwe na maji yake kwenye kopo siku mbili au tatu ichachuke, kisha ioshwe na kuanikwa kivulini. Kitunguu nacho kina lake: mbegu yake huzeeka haraka, ya mwaka juzi usiitegemee. Na pilipili hoho usiikatie tamaa, inaweza kuchukua wiki mbili wakati kabichi iliyosiwa siku hiyohiyo imeshatoka siku ya tano.

Usipokuta mbegu kabisa, watafute sisimizi, panya na ndege.

Mbegu ya dukani, tazama lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe. Hata ikiwa nayo, pima. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa au tishu yenye unyevu, weka ndani ya mfuko mahali penye joto la kawaida la nyumba, usizikaushe. Zikiota 85, sia kwa amani. Zikiota 40 nawe umeuziwa kwa bei ya mbegu nzima, rudisha ukiwa na ushahidi mkononi.

Mzizi umetoka, lakini umesimama

Hapa tazama rangi na umbo la ncha. Ncha yenye afya ni nyeupe au ya maziwa, na nyuma yake kidogo kuna vinyweleo vyembamba. Kwenye ncha ndipo kuna kofia inayolinda seli zinazogawanyika, na ndani ya kofia hiyo kuna chembe za wanga zinazozama kuelekea chini. Hizo ndizo zinazoujulisha mzizi upande wa ardhi uliko. Kwa hiyo mbegu ndogo ikianguka kichwa chini usihangaike, mzizi utajigeuza wenyewe ndani ya saa chache.

Ncha ya kahawia, iliyokauka, imeungua. Mshukiwa wa kwanza ni mbolea ya DAP au urea iliyogusana na mbegu, wa pili ni samadi mbichi ya ng'ombe au kuku inayotoa amonia. Mzizi hutoka kwanza kuliko kitu kingine, kwa hiyo ndio unaopokea pigo la kwanza. Mbolea ya kupandia ikae pembeni na chini kidogo ya mbegu, udongo ukiwa katikati. Samadi iive mpaka isitoe joto wala harufu kali. Hata magugu maji mnayoyavuna ziwani kwa ajili ya mboji yanahitaji kuoza vizuri kwanza.

Ncha iliyovimba, butu na fupi, huku mizizi ya pembeni ikikosekana, ni dalili nyingine kabisa. Baadhi ya viuagugu vinavyonyunyiziwa kabla ya magugu kuota huzuia seli kugawanyika, na seli za mzizi hunenepa badala ya kuongezeka. Kama ulichota udongo wa kitalu kwenye shamba lililonyunyiziwa, udongo huo uache. Hakuna dawa ya kuusafisha kwa haraka.

Shina limejikunja chini ya ukoko

Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli, jua likifuata, mashamba mengi ya Magu, Kwimba na Misungwi hufunga ukoko juu. Choroko, maharage na pamba huteseka zaidi, kwa sababu mimea hii huinua majani ya mbegu yenyewe kuyatoa juu. Shina hutangulia likiwa limepinda, bega mbele, ili kitovu laini kisisuguliwe na udongo. Mahindi na mbaazi huiacha mbegu chini na kupeleka juu chipukizi peke yake, ndiyo maana hupenya kwa urahisi zaidi.

Fukua. Ukikuta shina fupi, nene, limepinda vibaya, hilo limekuwa likisukuma. Mmea ukigandamizwa hutengeneza gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi mbivu zikifungiwa pamoja na mbichi, na gesi hiyo huamuru shina linenepe badala ya kurefuka na kona yake ikaze. Mwaka 1901 Dimitri Neljubow, huko Saint Petersburg, aligundua kwamba miche ya njegere iliyoota maabara ikiwa mifupi na imepinda ilisababishwa na ethilini iliyokuwa ndani ya gesi ya taa. Kwa hiyo unene huo si ugonjwa. Vunja ukoko kwa reki ya mkono au kwa tawi lenye miiba, taratibu, au nyunyiza maji kuulainisha. Ikishapata mwanga itanyooka yenyewe. Kwenye pamba, desturi ya kuweka mbegu kadhaa kwenye shimo moja ina faida yake: zinasukuma pamoja. Waliokulia kwenye aina za pamba za kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kama UK91 na UKM08, wanalijua hilo, wanapunguzia baadaye.

Mahindi yana kasoro yake. Ukikuta majani yamefunguka na kukunjamana chini ya ardhi, ala inayolifunika chipukizi imepasuka kabla ya kufika juu. Ulipanda kirefu mno, au ukoko umeikwamisha. Sentimita tano zinatosha kwenye udongo wenye unyevu.

Mche umetoka na mbegu kichwani

Tikiti, tango na maboga. Mbegu hizi zina kijino kinachoota upande wa chini, pale mzizi unapokutana na shina, kazi yake ni kulikanyaga ganda huku shina likijivuta kutoka. Charles Darwin na mwanawe Francis walikieleza mwaka 1880. Kijino hicho kinahitaji udongo wenye uzito kidogo juu ya mbegu na unyevu wa kulilainisha ganda. Ukisia juujuu na kufunika kwa mchanga mkavu, mche hutoka na ganda lake. Usiling'oe likiwa kavu, utaondoka na majani. Lilowanishe kwanza, acha dakika kadhaa, lisukume kwa kidole. Safari ijayo sia sentimita mbili hivi.

Mrefu, mwembamba, wa rangi ya njano

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na jibu watu hawalipendi: shina lililokwisha kurefuka halirudi. Seli zake zimeshanyooshwa. Mbolea itazidisha, maji yatazidisha. Unachoweza ni kuzuia sehemu inayofuata isifanye vivyo hivyo.

Gizani mche hutumia akiba yote ya mbegu kurefusha shina la chini, kwa matumaini ya kulifikia jua. Kwenye kivuli cha majani hufanya hivyohivyo kwa kiasi, kwa kuwa mwanga uliochujwa na majani umepungukiwa rangi nyekundu na mmea huitambua tofauti hiyo. Kwa hiyo kitalu chini ya mwembe, hata kama wewe unaona mwanga mwingi, mche unaona jirani anayemfunika. Na miche iliyosongamana huonana yenyewe kwa yenyewe, kila mmoja akimkimbia mwenzake kwenda juu. Sababu ya tatu ni matandazo yaliyochelewa kuondolewa. Nyasi za juu ya tuta ziondoke siku ile unapoona mabega ya kwanza yakichomoza, jioni, si kesho yake wala ukirudi kutoka mnadani.

Ukiwa na nyanya ndefu tayari, una bahati. Shina la nyanya hutoa mizizi popote likifunikwa, basi unapopandikiza lilaze au lizike mpaka karibu na majani ya mbegu. Papai usilifanyie hivyo, shina lake huoza. Kwa kitalu kijacho, sia kwa mistari ya umbali wa sentimita 10 hadi 15, punguzia mapema, inua kivuli juu na ukipunguze kila siku chache. Kuna njia moja isiyo na gharama ambayo wengi hawaijaribu: pitisha kiganja au kijiti chepesi juu ya miche ya nyanya, huku na huku, asubuhi na jioni ikiwa mikavu. Kuguswa huko huipunguzia urefu na kuinenepesha, kama upepo ungefanya.

Mche umelala chini

Usiseme kinyausi, ugonjwa wa kuoza shingo ya mche, mpaka uinue mche na kuitazama shingo.

Shingo iliyokatwa safi, na sehemu ya juu imelala kando au imevutwa shimoni, ni kiwavi aitwaye sota. Chimba kuzunguka mche kwa vidole, utamkuta mnene wa kijivu amejikunja. Mwokote, pekua tuta zima alfajiri.

Shingo iliyobanwa kwa kovu jeupe kavu, upande unaogusa udongo, kwenye mchanga mtupu uliokaa wazi saa nane mchana, ni joto. Mchanga wa ufukweni unaunguza nyayo zako, na shina la milimita moja linaungua pia. Matandazo membamba kati ya mistari yatalikinga.

Shingo iliyosinyaa, ya kahawia, yenye majimaji, hicho ndicho kinyausi. Huletwa na vimelea vya udongoni, Pythium na Rhizoctonia wakiwa wanaoongoza, na vinapenda kipande kilekile cha shina tulichokitaja mwanzo. Kuta za seli zake zimenyooshwa upesi, bado laini, hazijakomaa. Mche mrefu mwembamba hufa kwanza kwa sababu hiyo, na ndiyo maana kivuli kikubwa, msongamano na maji mengi huja pamoja na kinyausi. Baada ya majani halisi mawili au matatu shingo inakuwa imekomaa na hatari inapungua sana.

Ukishaona duara la miche iliyoanguka, ng'oa pamoja na inayoizunguka, ondoa na udongo wake. Acha kumwagilia mpaka juu pakauke. Ondoa kivuli. Mwagilia asubuhi tu. Dawa ya ukungu inaweza kuokoa iliyobaki, muulize bwana shamba wa kata kabla ya kununua, lakini haifufui iliyoanguka.

Halafu fikiria maji. Pythium huogelea. Vijimbegu vyake vya uzazi huishi kwenye maji yaliyotuama, na yale ya ukingoni penye tope na magugu maji ni makazi yake mazuri. Bustani iliyokomaa huko Igombe au Luchelele inaweza kunywa maji ya ziwa bila shida, lakini kitalu mimi nakipa maji ya bomba au kisima, au ya ziwa yaliyochotwa mbali na magugu. Na kitalu chenyewe kiwe nje ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka hivyo.

Udongo wa kitalu usafishwe kwa jua la kiangazi: Juni hadi Agosti lowanisha, funika kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, acha wiki nne hadi sita. Ukiwa na haraka, upashe kwa mvuke kwenye pipa nusu saa, uwe wa moto wa kutosha kuchoma kiganja, si mpaka udongo uungue.

Mche una majani ya mbegu, lakini hauendelei

Fungua katikati kwa ncha ya kalamu. Kama kitovu hakipo, basi kile kifungu kidogo cha seli kinachozaa majani yote yajayo kimekufa. Kwenye kabichi, tafuta utando mwembamba na kinyesi: kuna kiwavi anayependa kitovu kuliko jani. Mche wa kabichi usio na kitovu utupe, hautafunga kichwa. Kwenye maharage, tatizo huanzia kwenye kupura. Fimbo nzito juu ya maganda makavu kupita kiasi huvunja kiinitete bila kuchubua ngozi ya mbegu. Harage linaota likiwa kipara, au na jani moja la mbegu. Likibakiwa na majani yote mawili ya mbegu linaweza kuchipua kwenye kwapa zake, ila litachelewa. Mahindi yaliyotobolewa na dumuzi hasa penye kiini hayana la kusubiri.

Umehamishwa, umedumaa

Ng'oa mmoja. Mzizi ulioangalia juu umepinda pale ulipoingizwa kwenye shimo fupi, na mche huo hautakaa sawa maisha yake yote. Shimo liwe refu kuliko mzizi, uuvute mche juu kidogo kabla ya kukandamiza. Mzizi uliozunguka ndani ya kiriba umekaa humo muda mrefu mno, chana pande mbili kwa wembe. Ncha ikikatika si mwisho: mizizi ya pembeni huzaliwa ndani ya mzizi mkubwa, kutoka tabaka la seli lililo karibu na mishipa ya maji, wala haiitegemei ncha ile ya kiinitete. Nyanya na kabichi hurudi haraka. Tikiti na papai huchukia, sia kwenye viriba na upande pamoja na udongo wake.

Shina na majani yamesokoteka

Nyanya au pamba yenye majani membamba yaliyojikunja na shina linalopinda ovyo, hali imewapata wote kwa pamoja ndani ya siku chache: kabla ya kutafuta virusi, uliza pampu ilitumika wapi. Kiuagugu cha 2,4-D kinachopuliziwa kwenye mpunga na mahindi ni oksini ya kutengenezwa. Kinauambia mmea wa majani mapana ukue kila upande kwa wakati mmoja. Pamba na nyanya huathirika na kiasi kidogo sana, hata mabaki ya kwenye mpira wa pampu au yaliyopeperushwa na upepo wa ziwa wa mchana kutoka shamba la jirani. Iliyopata kidogo hupona kwenye majani mapya. Pampu ya viuagugu iandike kwa rangi, na isiguse kitalu.